Mlimani Hakuna Kuoneana Aibu

Wadogo zangu wa Singida, mwezi huu barua zenu zimeukwea mlima. Kuna wa Ikungi, kuna wa Mkalama, kuna wa Manyoni, na mmoja hakutaja atokako. Shule zinafunga mwezi wa sita, walimu wa jiografia wametangaza safari, na vichwa vimejaa maswali ambayo mnaogopa kuwauliza hao walimu wenyewe. Wengine mnapelekwa Hanang, hapo jirani kwa watu wa Katesh. Wengine ni Kilimanjaro, kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kurudi. Na yupo aliyenichekesha: binamu yake wa Dar anasoma shule ya kimataifa, darasa lao linapelekwa milima ya Uswisi, "halafu sisi tunapelekwa ya hapa hapa tu."

Nianze na huyo. Ya hapa hapa? Matterhorn, ule mlima wenye ncha kali ambao Waswisi wanauringia kwenye kila picha, una mita 4,478. Meru, utakaoupita Arusha ukiwa umesinzia kwenye kiti cha basi, unauzidi. Kilimanjaro una 5,895, na Alpi zote za Ulaya hazina wa kuufikia. Huko anakokwenda binamu kuna stesheni ya treni inaitwa Jungfraujoch, mita 3,454, ilifunguliwa mwaka 1912. Watoto wa shule wanapanda treni, wanapita ndani ya handaki wamekaa, wanashukia kwenye theluji, picha, chokoleti, wanarudi. Hanang una zaidi ya mita 3,400, yaani unakaribiana sana na hiyo stesheni, na wewe utafika kwa miguu yako. Mpelekee binamu salamu hizo.

Kama Uswisi unaitamani kwa dhati, kaulize shuleni kama kuna Girl Guides. Wana nyumba yao Adelboden, Our Chalet, tangu 1932, na wasichana wa mataifa mengi hufikia pale. Skauti nao wana kituo Kandersteg tangu 1923. Njia ya namna hiyo inaanzia kwenye skafu ya shingoni, haihitaji mjomba tajiri.

Sasa barua ya Ikungi, ambayo sikucheka. Mchango wa safari umetangazwa, mama anauza vitunguu mnadani na msimu haukumwendea vizuri. Binti ameikunja karatasi ya mwalimu ndani ya daftari la hisabati, hajamwonyesha mama, anaona aibu kumwongezea mzigo. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo kama hataki niusome, ameongeza kwamba kuna kaka mmoja wa bodaboda amesema atamlipia.

Mdogo wangu, huo mstari mdogo ndio nilioanza nao. Pesa ya huyo kaka ina marejesho, na marejesho yenyewe unayajua, ndiyo maana herufi zako zilisinyaa. Mpe jibu leo: asante, hapana. Usimpe sababu, kwa kuwa sababu atakujibu, na hapana haina cha kujibiwa. Akiendelea kukusubiri njiani, mwambie mama au mwalimu wa ushauri na unasihi, taja jina na namba ya pikipiki. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inampeleka jela miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi, na yeye anaijua kuliko wewe. Anachotegemea ni wewe kuona aibu kusema.

Kisha itoe ile karatasi daftarini. Mama aliyezoea kupanga bei ya gunia hashtushwi na tarakimu, anashtushwa na kusikia jambo kwa jirani. Muombe mwalimu mchanganuo: kiingilio kiasi gani, basi kiasi gani, malazi, chakula. Mtagundua kiingilio cha raia, kinacholipwa kwa shilingi, si kitu mbele ya dola wanazotozwa wageni. Kinachomeza pesa ni barabara, kwani Singida hadi Marangu ni zaidi ya kilomita 400 na hamwezi kwenda, kupanda na kurudi siku moja. Kujua hivyo kunampa mama nafasi ya kulipa kidogo kidogo, au ya kusema mwaka huu haiwezekani. Akisema haiwezekani, hiyo nayo ni sentensi iliyokamilika. Na kama darasani mko wengi wa hali hiyo, kamwambieni mwalimu abadilishe safari iwe Hanang. Jiografia ya volkano iko pale pale, na nauli ya Katesh mnaijua.

Mavazi. Mmeniuliza viatu vya kupandia mlima vinauzwa wapi Singida, kana kwamba mnakwenda Everest. (Yupo binti wa Kitanzania aliyekwenda, Rawan Dakik, mwaka 2021, lakini yeye ni habari nyingine.) Nendeni mitumbani. Chukua raba yenye kashata, yaani soli yenye meno, na uingize kidole kisiginoni ukiwa umeivaa: kidole kikipita kwa shida, inakubana, vikipita viwili, itakuchubua. Ivae wiki mbili nzima kwenda dukani na kisimani kabla ya safari. Kucha za miguu kata fupi, kwa sababu wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua, na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito na haikauki, na msitu wa Kilimanjaro una ukungu na manyunyu hata kiangazi. Wenye hijabu na mnaopenda sketi, vaeni suruali laini ndani, sketi juu, hakuna mlima utakaowauliza. Chukua sweta, mzula, soksi pea mbili, na koti lolote lisilopitisha maji. Hata mfuko mkubwa wa nailoni wa gunia la mbolea uliooshwa na kutobolewa shingo unafaa, acha wakucheke.

Kuhusu baridi, nyinyi mna faida na hamjui. Mji wa Singida uko kwenye mita kama 1,500, juu kuliko Moshi mjini, na upepo wenu wa mwezi wa sita mnaujua. Hewa hupoa nyuzi kama sita kwa kila mita elfu moja unazopanda. Mandara iko mita 2,720, kwa hiyo itazame asubuhi yenu ya kipupwe, ondoa nyuzi saba, ndiyo hiyo. Inavumilika. Kilele cha Hanang ni kibaya zaidi kwa sababu kiko wazi na upepo hauna wa kuuzuia.

Wa Manyoni ameuliza kwa kuzunguka sana, mistari kumi na mbili, swali ambalo ni hili: siku zake zikianguka safarini afanye nini? Panda. Hedhi haikatazi mtu kupanda mlima, na wasichana wanapanda nazo kila wiki. Weka pedi kwenye begi hata kama kalenda inasema bado, maana uchovu na safari vinaweza kuziwahisha. Beba za ziada, mwenzako hatakuwa nazo. Choo kipo getini na kipo Mandara, katikati hapo ni saa tatu au nne za kutembea, badilisha kabla ya kuondoka. Uliyotumia ifunge kwenye karatasi, iweke kwenye kifuko chake, shuka nayo. Dawa ya tumbo unayoizoea ibebe, na meza baada ya kula. Halafu mwambie mwalimu wa kike. Kama safari haina mwalimu wa kike hata mmoja, hilo si la siku zako tu. Wasichana wote mwende kwa mkuu wa shule mkaseme, na wazazi waambiwe kabla ya kulipa. Safari ya kulala nje yenye wasichana na isiyo na mama wa kuwaangalia, mimi mdogo wangu wa tumbo moja singemruhusu.

Nimefika kwenye lile lililonifanya nijibu barua zote kwa pamoja. Wa Mkalama ni mkimbiaji, anashika namba kwenye michezo ya shule ya UMISSETA, na ameandika: "Dada, nikiumwa kichwa kule juu nisimwambie mtu, si watasema mimi legelege?"

Sikiliza vizuri. Kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu, hewa inakuwa nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu, na mwili unahitaji muda kuzoea. Usipoupa muda, kichwa kinagonga, kichefuchefu kinakuja, chakula hakipiti, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Hayo hayachagui legelege. Mara nyingi yanamkamata mkimbiaji, kwa sababu ndiye anayewahi kufika mbele ili aonekane. Waongozaji wa Kilimanjaro siku nzima wana neno moja, pole pole, na hawalisemi kwa ajili ya wazee. Ukiweza kuongea na mwenzako bila kuhema, mwendo wako ni sawa. Kunywa maji hata kama hakuna kiu.

Kichwa kikianza kuuma, sema hapo hapo. Usisubiri mapumziko, na usimnong'oneze rafiki halafu mkakubaliana kunyamaza. Mwambie mwongozaji. Atakupumzisha, atakuangalia, na kikizidi atakushusha. Kushuka ndiyo dawa yenyewe, na hata mita mia chache zinaleta nafuu. Panado inatuliza kichwa, hailetei damu yako hewa. Na mwenzako ukimwona anayumba kama aliyekunywa, anaongea mambo yasiyoeleweka, au anakosa pumzi akiwa amekaa tu, hapo hakuna kumuuliza kama anataka kushuka. Pigeni kelele, ashushwe. Kwa safari ya Mandara na kurudi, mambo hayo makubwa ni nadra. Lakini Hanang unapanda hadi zaidi ya mita 3,400 na kushuka siku hiyo hiyo, na kichwa kuuma pale ni jambo la kutegemea.

Kuna wachache wenu ambao hawatakiwi kupanda kabla ya kuzungumza na daktari, na nawajua kwa kunyamaza. Wenye selimundu, nyinyi kwanza: hewa nyepesi, baridi na upungufu wa maji ni vitu vitatu vinavyoamsha yale maumivu ya mifupa, na mlimani vyote vitatu vinakusubiri. Wenye matatizo ya moyo pia. Mwenye pumu anaweza kupanda kama daktari amekubali, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni mwake, si kwenye begi lililobebwa na mwingine. Najua shuleni mnaficha ili msiitwe wagonjwa. Mwalimu akijua, atakupangia kubaki getini na kazi ya maana ya kufanya. Asipojua, atalijua ukiwa umelala chini njiani, na gari haliwezi kufika hapo.

Hao waongozaji na wapagazi nao ni watu, jamani. Mpagazi anayepita na mzigo wa kilo 20 kichwani, uliopimwa kwenye mzani, mpishe upande wa juu wa njia, na mkubwa kwako mpe shikamoo yake. Nimewaona wanafunzi wakipiga picha na mizigo ya watu bila hata kusalimia.

Mnaokwenda Hanang, msipande kienyeji. Msitu ule ni hifadhi iliyo chini ya wakala wa misitu, TFS, kibali kinaombwa na mwongozaji wa Katesh anaujua ukungu wa pale kuliko mwalimu wenu. Maji beba ya kutosha siku nzima kutoka chini. Juni huwa kukavu na ndiyo wakati wake. Mtu akiwaambia mwende Desemba, mkumbusheni Desemba 3, 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka mlima ule baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 80. Katesh walifiwa, kwa hiyo mkipita msiulize kama watalii.

Na basi. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni Karatu, wanafunzi 32 wakafa pamoja na walimu wawili na dereva. Wazazi wenu wana haki ya kuuliza: basi limekaguliwa, kila mtoto ana kiti na mkanda, mtaendeshwa usiku au mchana, dereva wa pili yupo? Mwalimu mwema hachukii maswali hayo. Nawe ukiona mwendo umezidi, sema, hata kama wenzako wanashangilia.

Limebaki swali la yule asiyetaja atokako: je, atashika theluji? Hapana, mdogo wangu. Mandara iko msituni, utakutana na mbega weupe kwa weusi na miti iliyoota ndevu, theluji iko mbali juu. Lakini dakika chache kutoka pale kuna kreta ya Maundi, na kukiwa kweupe unaviona vilele vya Kibo na Mawenzi kwa pamoja. Mawingu huwa yanaziba kadiri mchana unavyosogea, kwa hiyo mwambieni mwalimu mlale Marangu na muwe getini linapofunguliwa. Mkichelewa kwa sababu ya chai, mtarudi Singida na picha za ukungu.