Slaidi Isifiche Jambo Zito

Je, kikundi chenu kimealikwa kueleza biashara yenu mbele ya wasimamizi wa benki? Kabla ya kuwasha kompyuta, andikeni sentensi moja kwenye karatasi: mnataka waamue nini? "Tunaomba mkopo wa shilingi 800,000 tununue mtambo wa kupozea maziwa." Hiyo ndiyo slaidi ya kwanza. Historia ya kikundi na picha za viongozi zitasubiri.

Kichwa cha kila slaidi kitoe jibu. "Mauzo" hakisemi lolote. "Lita 60 huharibika kila siku kwa kukosa mtambo" kinaeleweka hata na aliyechelewa kuingia.

Jambo zito lisizikwe chini kwa maandishi madogo. Mwaka 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga wote 7 wakafa. Siku chache awali, wahandisi walikuwa wameandaa slaidi kuhusu kipande cha povu kilichogonga bawa wakati wa kuruka. Kichwa chake kilituliza mioyo. Mstari wa mwisho kabisa ndio uliosema kipande hicho kilikuwa kikubwa mno kuliko vilivyowahi kufanyiwa majaribio. Bodi ya uchunguzi iliikosoa slaidi hiyo katika ripoti yake.

Kwa hivyo, kama mna deni la zamani, lionyesheni mapema na mpango wa kulilipa. Benki italiona tu kwenye rekodi za CRB.

Bebeni pia nakala zilizochapishwa. Stima hupotea.