Santiago, PIN Yangu na Ndoto ya Stoo: Somo kutoka Mpakani

Mimi ni mama wa biashara hapa mpakani. Nauza omena Busia, na siku zingine nafika hadi Malaba. Binti yangu alileta nyumbani riwaya ya Paulo Coelho wa Brazil, The Alchemist, iliyotoka mwaka wa 1988. Alinisomea jioni nikichambua omena. Yeye aliniambia ni kitabu cha kufuata ndoto. Mimi niliona pesa humo ndani.

Kisa chenyewe ni hiki. Santiago ni kijana mchungaji wa Uhispania. Anaota kuna hazina inamngoja kwenye piramidi za Misri. Anauza kondoo wake, anavuka bahari mpaka Tangier, Morocco. Siku ya kwanza tu, anakutana na kijana anayeongea Kihispania kama yeye. Anafurahi, anamwonyesha pesa. Mwenye baa anajaribu kumwonya kwa Kiarabu, lakini Santiago haelewi, anafikiri huyo ndiye mwizi. Wakifika sokoni, anageuka kuangalia upanga kidogo tu. Kugeuka tena, rafiki hayuko na pesa haziko.

Nilimwambia binti yangu, "Huyo ni mimi."

Mwaka jana nilikuwa Malaba na KSh 12,000 kwa simu, nusu karo, nusu ya kununua mzigo. Mtandao ulikuwa unasumbua. Kijana mmoja nadhifu akanisalimia kwa Kiteso, lugha ya kwetu. "Mama, leta nikusaidie." Nikampa simu, nikamtajia PIN. Wakala akapaza sauti kutoka kibandani, "Mama, usimpe simu!" Nikafikiri anaogopa kukosa komisheni yake. Kijana akabonyezabonyeza, akasema mtandao bado, akanirudishia simu na kunitakia siku njema. Nilipofika Busia salio lilikuwa KSh 43. Ujumbe wa kutuma alikuwa ameshaufuta. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, pesa ilikuwa imetolewa kitambo. Binti yangu alikaa nyumbani wiki mbili.

Kwa hivyo kuna mahali mimi na hicho kitabu tunapishana kidogo. Kinaamini kwamba anayefuata ndoto yake husaidiwa na ulimwengu. Sawa, sikatai. Lakini angalia ni nini kilimwinua Santiago. Aliajiriwa kwa duka la vyombo vya kioo, akawa analipwa komisheni kwa kila kinachouzwa. Akaongeza kabati la maonyesho nje, halafu akaleta wazo la kuuza chai kwa gilasi za kioo. Baada ya miezi 11 na siku 9, alikuwa na pesa za kununua kondoo 120. Mwanzoni alikuwa na 60. Ulimwengu ulisaidia, lakini vyombo alisugua yeye.

Mwenye duka naye alikuwa na ndoto ya kwenda Makka. Miaka ikapita, hakwenda. Aliogopa ikitimia hatabaki na kitu cha kumpa hamu ya kuishi. Wengi wetu tuko hapo. Ndoto tunayo mdomoni tu.

Haya ndiyo ninayofanya sasa. Jaribu na wewe:

1. PIN ni yangu peke yangu. Simtajii mtu, hata akiongea lugha ya mama yangu, hata akisema anatoka kwa kampuni. Mtandao ukisumbua, nangoja.

2. Ndoto yangu ina bei. Nataka stoo ya omena, na malipo ya kwanza ni KSh 60,000. Nikiweka KSh 150 kila siku, nitafika kwa siku 400, yaani kama mwaka mmoja na mwezi.

3. Pesa ya stoo haikai na pesa ya unga. Naiweka kwenye akaunti ya akiba kwa simu kila jioni, kabla sijanunua kitu kingine.

4. Nikituma Uganda, nahakikisha namba inaanza na 256 na nasoma jina kabla ya kuthibitisha. Naulizia ada na bei ya kubadilisha mapema. Na tukipatana bei tunasema ni shilingi ya Kenya au ya Uganda. "Shilingi" pekee huleta vita hapa mpakani.

5. Kukitokea shida, napiga simu huduma kwa wateja papo hapo, kabla pesa haijatolewa upande wa pili.

Mwisho wa riwaya, hazina inapatikana kwenye lile kanisa bovu ambapo Santiago alilala mwanzoni. Binti yangu akauliza, "Sasa Mama, si angebaki tu nyumbani?" Nikamwambia hapana, asingetoka asingejua. Lakini angemsikiza yule mwenye baa, angefika piramidi mapema.

Yule wakala wa Malaba nilirudi kumwomba msamaha. Siku hizi natolea pesa kwake, na juzi nilimpelekea omena.

Jiulize leo: ndoto yako ni shilingi ngapi? Umeiwekea ngapi wiki hii? Na ni nani mwingine anajua PIN yako? Kama yuko, ibadilishe sasa hivi kabla hujaendelea na kazi.