Fumbo la ng'ombe mwenye homa

Vijana wafugaji, kuna magemu ya simu ambayo unapewa mnyama wa ajabu, unasoma dalili, unachagua dawa. Ukikosea unaanza upya. Zizini huanzi upya.

Chukua fumbo hili: ng'ombe ana joto linalozidi nyuzi 39.5, hali vizuri, amenyong'onyea. Wengi wetu Ngara na Biharamulo, kwa kuwa tuko jirani na Hifadhi ya Burigi-Chato, tunakimbilia sindano ya ndorobo. Subiri kwanza! Papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Zimevimba, na anahema kwa shida? Shuku ndigana kali ya kupe. Dawa yake ni buparvakwoni, tena mapema. Diminazini, ile ya ndorobo, haiigusi kabisa.

Lakini kama anakonda taratibu, ufizi umepauka, na alichungwa porini kwenye mbung'o, basi shuku ndorobo. Hapa kuna mtego: ndigana baridi nayo hupausha ufizi, na yenyewe inataka oksitetrasaiklini. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Mwite mtaalamu achukue damu ya sikioni, ikapimwe kwa darubini. Damu itoke kabla ya sindano, maana ukishachoma dawa vimelea hupungua na darubini inaweza isione kitu.