Bamia na Jamaa Zake Katika Bustani ya Nyumbani

Msomaji mwenye mbamia kando ya nyumba yake na alitazame ua lake asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ataona rangi ya manjano hafifu, na ndani kabisa doa la rangi ya damu ya mzee. Na katikati kimesimama kijiti kimoja kilichojaa chavua. Jioni ua hilo limekwisha nyauka, maana umri wake ni siku moja tu. Kisha aende akatazame ua la pamba, au la choya, au lile ua refu liitwalo holihoki ambalo watu wa Ulaya hulipanda mbele ya nyumba zao. Kijiti ni kile kile. Mimea hii yote ni jamaa moja, na mwalimu apendaye kuwafundisha watoto habari za mimea hahitaji kitabu kwa somo hilo, ila awatoe nje tu.

Lakini jamaa hawa hawakurithi sura peke yake. Wamerithi na adui pia. Habari hiyo tutaieleza mbele, kwa kuwa inamhusu hata jirani asiyekula bamia.

Kwanza, kwa nini tuipande? Lukole ni jina lililojulikana mbali. Vita vya Burundi vilipoanza mwaka 1993 wakimbizi wengi walikimbilia Ngara, na Lukole pakawa na kambi yao kubwa. Na mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Umati kama huo ulipika kwa kuni, na miti mingi ya vilima vile ikaanguka kwa shoka. Kambi ilikwisha fungwa, lakini msitu haurudi upesi kama watu. Basi mboga inayoiva kwa robo saa, wakati maharage yataka moto wa saa nyingi, si jambo dogo kwa mama anayebeba kuni kichwani. Majani machanga nayo huliwa. Wapo wasiopenda ule ute. Hao na waikaange kavu kwanza, au watie nyanya au ndimu, na ute utapungua sana.

Bamia yapenda joto na jua. Nchi ya Ngara ni ya juu, na hewa yake ni baridi kuliko ya pwani, kwa hiyo mmea hukua polepole. Usiuongezee taabu kwa kuupanda kivulini. Mwandishi wa habari hizi alifanya kosa hilo mwaka mmoja, akapanda chini ya migomba kwa sababu udongo wa pale ni mweusi na mwororo. Mibamia ikarefuka kama fito za kujengea, na matunda aliyopata hayakujaza bakuli. Chagua mahali penye jua tangu asubuhi hata alasiri, nje ya migomba, karibu na nyumba ili maji ya kuoshea vyombo yasiende bure. Kama pana mteremko, lima mistari kukingama mteremko, isishuke nao, ili mvua isichukue udongo.

Panda mvua za Oktoba zikiisha shika, au za Februari. Loweka mbegu usiku mmoja, maana ganda lake ni gumu. Mstari na mstari ziachane futi mbili, shimo na shimo futi moja, kina kisizidi inchi moja. Tia mbegu tatu. Miche ikifikia shubiri moja, bakiza ule wenye nguvu, na mingine uikate kwa kisu, usiing'oe, usije ukatikisa mizizi ya uliobaki. Samadi iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi huleta majani mengi na matunda haba.

Baada ya miezi miwili hivi maua yataanza. Hapo ndipo wengi hupotewa na faida. Tunda hufaa kuvunwa siku nne hadi sita baada ya ua kufunguka, lingali laini, urefu wa kidole. Likiachwa juma zima huwa gumu kama kamba, na mmea, ukiisha ona kwamba umepata mbegu zake, hulegea kuzaa. Basi pita kila baada ya siku moja, ukate kwa kisu kikali. Mwenye ngozi inayowashwa na vinyweleo avae shati la mikono mirefu.

Sasa habari za adui. Wa kwanza yu ardhini, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Mmea ukidumaa na kunyauka mchana ingawa udongo una maji, ung'oe utazame mizizi. Ukiona manundu yaliyovimba katika mzizi wenyewe, ndiyo kazi yao. Mwalimu awaonye wanafunzi wasiyachanganye na vinundu vya mzizi wa maharage, vinavyobanduka kwa kidole. Hivyo ni vyema, vyarutubisha ardhi. Mahali palipopatwa na minyoo usipande bamia, nyanya wala biringanya kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au vitunguu.

Wa pili ni kangambili, mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi. Huyu hufyonza mbegu, na katika pamba huacha madoa yanayoshusha bei. Ndiyo maana katika nchi za pamba za upande wa Ziwa, Biharamulo na Geita, wakulima huagizwa kung'oa na kuchoma miti ya pamba kila msimu ukiisha, ili mdudu akose chakula wakati wa kiangazi. Lakini kuna faida gani kuchoma shamba zima, ikiwa nyuma ya jiko imesimama mibamia mikuukuu sita yenye matunda makavu yaliyopasuka? Kangambili hukaa hapo kwa starehe akingoja pamba ya jirani. Wazee wa vijiji wakikagua mashamba, na wakague na bustani.

Wakionekana wachache, wakung'ute asubuhi kukiwa na ubaridi, waanguke katika kopo lenye maji na sabuni. Mbegu za mwaka ujao zitoe katika mimea miwili mizuri tu, uliyoichagua mapema na kuifunga kitambaa. Matunda yakikauka, na kabla hayajapasuka, yavune, uzianike mbegu kivulini, uzitie katika chupa kavu pamoja na majivu. Mibamia mingine yote ing'olewe siku ile mavuno yanapokoma, ikachomwe.