Karatasi ya Mshahara Inasema Nini?

Leo somo letu linahusu kazi ya mshahara. Sisi tunaoishi karibu na mgodi wa Bulyanhulu, pale Kakola na vijiji vya jirani, tunawajua watu wa kazi hiyo. Ni waume zetu, dada zetu na watoto wetu. Wengine wameajiriwa na mgodi wenyewe. Wengine wameajiriwa na makampuni yanayopika, yanayolinda na yanayobeba mizigo.

Wakirudi nyumbani tunasikia maneno yale yale. Mshahara hautoshi. Bosi hasikii. Saa za kazi ni nyingi. Wanalalamika njiani, wanalalamika kilabuni, kisha wanalala. Kesho yake mambo ni yale yale.

Malalamiko hayo si ya bure. Lakini lalamiko la mdomo tu ni kama pamba isiyopimwa. Mkulima akipeleka pamba kwenye chama cha msingi, anaangalia mizani na haondoki bila stakabadhi. Kwa nini basi tuuze jasho letu bila kusoma karatasi?

MFANO WA MASANJA

Tuchukue mfano. Mtu huyu tumemtunga sisi wenyewe. Tumwite Masanja. Yeye ni mpishi katika kampuni moja inayopikia wafanyakazi. Kwa mwezi analipwa shilingi 390,000 kwa saa 45 za kazi kila wiki. Mwezi uliopita alifanya pia saa 20 za ziada. Kila mwezi anapewa karatasi ya mshahara, anaikunja, anaitia mfukoni. Mke wake, Mama Kulwa, amehitimu kisomo. Siku moja aliikunjua.

"Baba Kulwa, hizi saa 20 za ziada wamekulipa ngapi?"

"Arobaini elfu. Si imeandikwa hapo?"

"Na saa moja ya kawaida ni shilingi ngapi?"

"Mimi sijui. Wao ndio wanajua."

"Hapana, na sisi tujue. Lete kalamu."

Hebu na sisi tupige hesabu pamoja nao. Mwezi una wiki nne na kidogo. Kwa hiyo sheria inasema tugawe mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili tupate mshahara wa wiki. Kisha tugawe kwa saa za wiki.

1. Mshahara wa wiki: 390,000 gawa kwa 4.333 ni karibu shilingi 90,000.
2. Saa moja ya kawaida: 90,000 gawa kwa 45 ni shilingi 2,000.
3. Saa moja ya ziada hulipwa mara moja na nusu: shilingi 3,000.
4. Saa 20 za ziada: 3,000 mara 20 ni shilingi 60,000.

Masanja alilipwa 40,000. Kumbe saa za ziada zimehesabiwa kama saa za kawaida! Shilingi 20,000 zimepungua. Zikipungua hivyo kila mwezi, kwa mwaka ni 240,000. Hizo ni sare za shule na madaftari ya Kulwa na Doto, na chenji inabaki.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Tukumbuke mambo haya:

Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kama kuna makubaliano ya maandishi. Basi mtu akiambiwa "hapa zamu ni saa 12", na aombe kuyaona maandishi hayo.

Kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku huongezwa asilimia 5 kwa kila saa.

Mshahara uambatane na maandishi yanayoonyesha umelipwa nini na umekatwa nini. Bosi hawezi kukata fedha kwa ajili ya sahani iliyovunjika kwa sababu tu amekasirika. Lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, na apewe nafasi ya kujieleza.

Mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, kwa mshahara gani. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri ana wajibu wa kumweleza kwa namna atakayoielewa. Kwa hiyo kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutia dole gumba kwenye usichokijua.

BOSI AKIKATAA, TUFANYE NINI?

Kwanza, tuongee naye kwa adabu, karatasi mkononi. Wakati mwingine ni kosa la karani tu. Pili, tumwone kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kama kipo. Tatu, twende kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tume hii ina ofisi mikoani, Shinyanga ikiwemo. Huko utajaza fomu ya kupeleka mgogoro.

Hapa tuwe macho sana, maana siku zinahesabiwa. Aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake. Madai mengine, kama haya ya Masanja, yana siku 60. Watu wengi hukaa nyumbani wakisubiri hasira ipoe, na siku zinapita. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kukubaliwa na ueleze kwa nini umechelewa.

NA MGOMO JE?

Wengine husema, dawa ni kugoma. Tukumbuke yaliyotokea hapa hapa Bulyanhulu mwishoni mwa Oktoba 2007. Wafanyakazi wengi walisimamisha kazi wakidai maslahi bora. Kampuni ikasema mgomo huo si halali, na wengi wakapoteza kazi. Nyumba nyingi zilitikisika.

Hatusemi kugoma ni kosa. Sheria inaruhusu mgomo, lakini una ngazi zake. Mgogoro upelekwe kwanza kwenye Tume na usuluhishwe kwa siku 30. Usipomalizika, wanachama wapige kura. Kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Tena mgomo ni wa kudai jambo jipya, kama nyongeza ya mshahara. Fedha ambayo tayari ni haki yako, kama ile 20,000 ya Masanja, haidaiwi kwa mgomo. Inadaiwa kwa Tume.

Ndugu wasomaji, hesabu peke yake haitamfanya bosi awe mpole. Lakini mwenye karatasi, tarehe na hesabu hapuuzwi kirahisi. Kila mwenye kazi na aweke daftari. Kila siku aandike saa ya kuingia na saa ya kutoka. Karatasi za mshahara zisiwashie moto. Ziwekwe pamoja na vyeti vya watoto.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Masanja akifanya saa 10 za ziada, alipwe shilingi ngapi?
2. Mtu amefukuzwa kazi leo. Hesabuni siku 30. Mwisho wake ni tarehe gani?
3. Nani katika kikundi chetu ana ndugu mwenye karatasi ya mshahara? Akikubali, tuisome pamoja.