Sekunde 71 kwa Swali: Kujiandaa kwa Mtihani wa SAT

Mwanafunzi wa Tanzania aliyefanya Hisabati ya kidato cha nne amezoea kuonyesha njia. Hata jibu la mwisho likimponyoka, hatua alizoandika humwokolea alama. Mtihani wa SAT, unaotumiwa na vyuo vikuu vingi vya Marekani kuchagua waombaji, hauna huruma hiyo. Kompyuta hupokea jibu peke yake, huku saa ikihesabu kurudi nyuma juu ya kioo.

Mtihani huo umerudi kwa nguvu. MIT ilirejesha sharti la alama za SAT au za mtihani mwenzake wa ACT mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth na Harvard zikafuata.

Muda ulivyogawanywa

SAT hufanywa kwa kompyuta au tabuleti kupitia programu ya Bluebook: nje ya Marekani tangu Machi 2023, na ndani ya nchi hiyo tangu Machi 2024. Maswali 98 hujibiwa kwa saa 2 na dakika 14. Sehemu ya Kusoma na Kuandika ina vipande viwili, kila kimoja maswali 27 kwa dakika 32, wastani wa sekunde 71 kwa swali. Hisabati ina vipande viwili vya maswali 22 kwa dakika 35, wastani wa sekunde 95. Kati ya sehemu hizo kuna mapumziko ya dakika 10.

Kipande kikishafungwa hakifunguliwi tena, na dakika zilizobaki hazihamishiwi kwingine. Zaidi ya hayo, majibu ya kipande cha kwanza ndiyo huamua kama cha pili kitakuwa chepesi au kigumu, na anayepewa chepesi hawezi kufikia alama za juu kabisa. Kwa hiyo kulipua kipande cha kwanza ili kumaliza mapema ni hasara tupu.

Mwendo ndani ya chumba

Katika Hisabati maswali huanza na mepesi na kuishia na magumu. Mtahiniwa makini huyamaliza ya mwanzo chini ya dakika moja kila moja, akijiwekea akiba kwa yale ya mwisho. Kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya programu na huruhusiwa kwa maswali yote, lakini anayejifunza kukitumia siku ya mtihani amechelewa.

Kusoma na Kuandika hupangwa kwa aina: kwanza msamiati na muundo wa kifungu, kisha ufahamu, halafu sarufi, na mwisho uunganishaji wa mawazo. Anayeng'ang'ania kifungu kigumu cha ufahamu hujinyima maswali ya sarufi yaliyo mbele, ambayo mengi huhitaji nusu dakika tu.

Akikwama, mtahiniwa huondoa majibu yasiyowezekana, huchagua moja kati ya yaliyobaki, huliwekea swali alama ya kulirudia, kisha husonga mbele. Tangu mwaka 2016 jibu baya halipunguzi alama, hivyo kuacha swali tupu hakuna faida yoyote.

Mazoezi yanayozaa

Bluebook ina mitihani kamili ya majaribio, na Khan Academy ina masomo ya SAT. Vyote ni bure. Mazoezi huenda kwa awamu mbili. Kwanza ni kujifunza mada bila saa, mpaka njia ieleweke. Kisha mtihani mzima hufanywa kwa muda wake halisi, kwenye kifaa kitakachotumika, bila simu pembeni na bila kuusimamisha katikati.

Baada ya kila jaribio, daftari la makosa hufanya kazi kubwa kuliko jaribio lenyewe. Kila kosa huandikiwa sababu: hakujua mada, alisoma swali vibaya, au muda ulimbana. La kwanza linataka kitabu, la pili utulivu, la tatu mwendo mpya. Anayerukia jaribio jingine bila kupanga makosa hayo hurudia yaleyale.

Wazazi na walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi mwenye ulemavu anaweza kupewa muda wa ziada, lakini kibali huombwa mapema, kabla ya siku ya mtihani. Bluebook isakinishwe na kukaguliwa siku kadhaa kabla, na kifaa kifike chumbani kikiwa na chaji ya kutosha saa tatu hadi nne.