Miaka Hamsini Ijayo Pwani: Maswali ya Vijana Kuhusu Tabianchi

Vijana wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wana maswali yao kuhusu tabianchi, na mara nyingi si yale yanayojibiwa kwenye makongamano. Hapa nimeyajibu nikizingatia jambo moja: uamuzi unaotaka kuufanya utakufunga kwa miaka mingapi? Anayefunga mbegu ya mwani atakayoivuna baada ya wiki sita ana hesabu yake. Anayechimba msingi wa nyumba ya kuwaachia watoto ana nyingine kabisa.

Shikamoo. Kila siku tunaambiwa dunia inaangamia. Kuna haja gani ya kuhangaika na masomo?

Marahaba. Dunia haiangamii, na anayekutisha hivyo anakunyima habari unayoihitaji. Katika mwongo wa 2011 hadi 2020 joto la dunia lilikuwa juu kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko lilivyokuwa kati ya 1850 na 1900, na mwaka 2024 peke yake ulipita nyuzi 1.5. Hakuna kipimo ambacho kikipitwa tu basi kila kitu kimekwisha. Kila sehemu ya kumi ya nyuzi inayoongezeka inaleta madhara zaidi, na kila inayozuiwa inayapunguza.

Lakini sitakwambia uache kuogopa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walikadiria kwamba mtoto aliyezaliwa 2020 atakutana na matukio makali, hasa mawimbi ya joto, mara mbili hadi saba ya yule aliyezaliwa 1960. Mwaka huohuo vijana 10,000 wa nchi 10 waliulizwa kuhusu hofu zao, na robo tatu walisema wakifikiria siku zijazo wanaogopa. Kutoka Afrika waliulizwa wa Nigeria tu. Vijana wa kwetu hawakuulizwa.

Visiwa vyetu vitazama?

Unguja na Pemba hazitazama maishani mwako. Tangu satelaiti zianze kupima mwaka 1993, usawa wa bahari duniani umepanda kwa sentimita 10 hivi, na kasi ya sasa ni maradufu ya ile ya mwanzo. Sentimita 10 unaweza kuziona si kitu, mpaka bamvua kubwa ikutane na upepo. Hapo maji hufika yasikozoea kufika, yakala ufukwe, yakaingia kwenye mashamba ya mpunga yaliyo nyuma ya mikoko, na kisima kilichokuwa kitamu kikaanza kuwa na chumvi. Kijiji kinaweza kukosa maji ya kunywa miaka mingi kabla bahari haijagusa nyumba hata moja.

Mama yangu amenisomesha kwa mwani. Na mimi niingie?

Hili linataka jibu refu, maana mwani ndio shamba letu lililoonja joto la bahari mapema.

Kilimo hiki kilianza Zanzibar kibiashara mwaka 1989, kwenye vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, na kwa sehemu kubwa kimekuwa mikononi mwa wanawake. Aina ni mbili: spinosamu, inayovumilia lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri lakini dhaifu. Joto lilipopanda, kotonii ndiyo iliyokufa kwanza. Kwa hiyo mkulima hakupoteza mwani wote. Alipoteza ule uliokuwa na pesa, akabaki na kazi ileile kwa malipo kidogo. Takwimu za tani haziionyeshi hasara ya namna hiyo.

Ukitaka kuuona ugonjwa wenyewe, nenda siku za bamvua, maji yanapokuwa yamepwa mnamo saa nne asubuhi, jua limeshachoma. Inua kamba. Tawi zima ni gumu na lina rangi yake. Lililougua lina sehemu nyeupe, laini, na ukiligusa linakatika linakwenda na maji. Taitai, kikamba kinachoufungia mwani kwenye kamba, inabaki imeshika kipande kisichotosha hata kuwa mbegu. Wakulima wanauita ais-ais. Mwani unaochoshwa na joto, au na maji yasiyotembea, hushindwa kujikinga na bakteria, na maji ya kina kifupi ndani ya mwamba hupata joto haraka kuliko ya nje.

Dawa inayojulikana ni kuhamia maji ya kina kirefu, mwani ukiwa kwenye nyavu zenye umbo la bomba ili usichukuliwe na mkondo. Tatizo ni kwamba huko kunahitaji chombo na ujuzi wa kuogelea, na kinamama wengi hawana cha kwanza wala hawakufundishwa cha pili. Wewe kijana huenda unavyo vyote viwili, au unaweza kuvipata. Kwa hiyo ingia, lakini usiingie kwa kurithi kamba za mama palepale alipozifunga. Jambiani wako waliotoka kwenye mwani wakaingia kwenye ufugaji wa sponji, na wengine vijijini wanatengeneza sabuni ya mwani badala ya kuuza magunia makavu kwa kilo. Hasara ya mwani ni ya wiki sita. Unaweza kujaribu, ukakosea, ukajaribu tena.

Na uvuvi?

Hapa naona giza zaidi. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana magharibi mwa Bahari ya Hindi. Yakaungua tena 2016, na tena 2024. Makadirio ya wanasayansi wa Umoja wa Mataifa ni kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 itapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe yake, na ikifika nyuzi 2 yatabaki kidogo sana. Samaki wa dema wanategemea mwamba. Kijana anayetaka kukopa pesa anunue chombo na mashine asitegemee changu na tasi tu.

Kimbunga Hidaya kilitushtua. Vitazidi?

Hidaya ilipiga Mafia mwezi Mei 2024, na si mgeni wa kwanza. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Karibu na ikweta vimbunga hupata shida kujizungusha, ndiyo maana kwetu ni nadra. Duniani kwa jumla wataalamu hawatarajii idadi yake iongezeke sana. Wanatarajia vikali viwe vingi zaidi miongoni mwake na mvua zake ziwe nzito, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi.

Tukio moja tu linaweza kugeuza maisha ya kizazi kizima. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, kikaiacha Pemba karibu salama. Karafuu zikahamia Pemba, na hazijarudi. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kuzaa, kwa hiyo aliyekuwa kijana Unguja mwaka ule alilazimika kuanza upya.

Lakini kwa kweli vuli iliyozidi, kama ile ya 2019 na ya 2023, itakusumbua mara nyingi kuliko kimbunga.

Sisi tumechafua kiasi gani?

Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia. Una haki ya kukasirika, na hasira hiyo inaweza kufanya kazi: mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianza kudai suala hili lifikishwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu ikalibeba, na Julai 2025 mahakama hiyo ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi. Maoni si hukumu, wala hayajengi ukuta. Lakini yalianzia darasani.

Tupande mikoko?

Pandeni, lakini kwanza lindeni iliyopo. Miche mingi hupandwa kwa ajili ya picha, mahali ambapo mikoko haijawahi kuota, ikafa yote. Kule Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wanalinda mikoko yao na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule.

Je, nihamie Dar es Salaam tu?

Wengi wenu mtahamia, na si kosa. Ila bonde la Msimbazi, linalofurika huko mjini, halijui kama umekimbia bahari. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, na bado vyumba vya bei nafuu vinapatikana palepale maji yanapopita. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, nenda siku mvua imenyesha, angalia alama ya matope ukutani, na umuulize mama ntilie wa jirani maji yalifika wapi. Usimuulize dalali.